Utatu Mtakatifu katika Mazungumzo ya Jumuiya: Mbulu na Hanang

Utangulizi

Fundisho la Utatu Mtakatifu ni msingi wa imani yetu, na hata hivyo ndilo fundisho linaloogopwa kuliko mengine katika vikao vya jumuiya. Mzee wa kanisa anayeongoza somo nyumbani kwa jirani yake hujibu bila hofu maswali juu ya Amri Kumi au Ubatizo. Lakini likiulizwa swali juu ya Utatu, mara nyingi husemwa kwamba hilo ni fumbo, kisha wimbo huanzishwa. Ni kweli kwamba ni fumbo. Lakini fumbo katika Maandiko si jambo lililofichwa ili tusiliulize. Ni jambo ambalo Mungu mwenyewe amelifunua, nasi hatuwezi kulimaliza.

Makala hii imekusudiwa kwa wachungaji, wainjilisti na viongozi wa jumuiya katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Tunataka kuonyesha jambo moja, kwamba hatari kubwa inayolikabili fundisho hili katika sehemu zetu si hesabu ya moja na tatu. Hatari ni kumgawa Mungu pande mbili, upande wa kuogopwa na upande wa kukimbiliwa, kisha kumweka Baba upande wa kwanza na Mwana upande wa pili. Jumuiya inayomwamini Mungu wa namna hiyo haina raha, hata kama inaikariri Imani ya Mitume bila kukosea neno.

1. Mifano tuliyoizoea na mipaka yake

Kiongozi anapoulizwa inawezekanaje Mungu mmoja awe Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kwa kawaida hutafuta mfano. Mmoja hutaja maji, ambayo huweza kuwa barafu, maji au mvuke. Mwingine hutaja mtu ambaye nyumbani ni baba, shuleni ni mwalimu na kanisani ni mzee. Wako wanaotaja yai lenye ganda, ute na kiini, na wako wanaoonyesha mafiga matatu yanayobeba chungu kimoja.

Mifano hii hutolewa kwa nia njema, lakini yatupasa kujua inatupeleka wapi. Maji yaliyogeuka mvuke si barafu tena. Basi mfano huo hufundisha Mungu anayebadili sura, mara Baba, mara Mwana, mara Roho. Hilo ndilo fundisho la Sabelio, ambalo Kanisa lililikataa katika karne ya tatu. Kama lingekuwa kweli, Yesu kule Gethsemane alikuwa akijisemesha mwenyewe. Mfano wa mtu mwenye kazi tatu una kasoro hiyohiyo. Yai nalo lina sehemu tatu, na ganda peke yake si yai. Lakini Baba si theluthi ya Mungu, wala Mwana si theluthi nyingine. Na mafiga ni mawe matatu yanayosaidiana kazi. Huo ni mfano wa miungu watatu.

Upo pia mfano wa jua. Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa Kaskazini aliyelizoeza Kanisa la Magharibi neno la Kilatini la Utatu mwanzoni mwa karne ya tatu, alisema juu ya jua na mwali wake. Mahali pengine mfano huo waweza kusaidia. Mbulu na Hanang unadai uangalifu wa pekee, kwa sababu katika lugha za huku jina la Mungu na jina la jua vimekaa nyumba moja. Anayesema Kiiraqw akiambiwa Mungu ni kama jua, huenda asisikie mfano hata kidogo. Husikia kile walichosema babu zake. Ndiyo maana yafaa kwanza tuyatazame waliyosema.

2. Urithi wa wazee: Looa, netlangw na Aseeta

Katika mapokeo ya Wairaqw, Looa ni jina la Mungu na ni jina la jua. Looa ni wa kike, katika sarufi na pia katika maombi. Huombwa kama mama. Kwake hutazamiwa mwanga, uzima na watoto. Upande mwingine wako netlangw, wenye nguvu za kiume, wanaokaa katika chemchemi, mito na mabwawa. Hao huogopwa, kwa maana maradhi na misiba husemwa kutoka kwao. Katika slufay, yaani maombi ya baraka yanayotamkwa na mzee huku mkutano ukiitikia, watu wameomba amani, uzazi na mvua kwa vizazi vingi. Wabarabaig na Wadatoga wengine humwita Mungu Aseeta, na neno hilo pia ni jua.

Haitupasi kuudharau urithi huu. Paulo aliwaambia watu wa Listra kwamba Mungu hakujiacha bila ushahidi, bali aliwapa mvua na majira ya mazao (Matendo 14:17). Wazee waliotambua kwamba aliye juu ni mwema hawakukosea katika hilo. Mwanzo 1 yaongeza kwamba jua lenyewe liliumbwa siku ya nne, likawekwa lifanye kazi ya kutumika. Jua ni kiumbe mwenzetu, nasi humwabudu aliyeliwasha.

Hata hivyo mambo mawili yanahitaji kufafanuliwa katika jumuiya. La kwanza ni jina "Baba". Kiswahili hakimlazimishi msemaji kuonyesha jinsi ya anayemtaja. Tunasema "yeye" na "anapenda" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kiiraqw kina jinsi katika sarufi yake. Kwa hiyo bibi aliyekua akisikia Mungu akiombwa kama mama, akifundishwa kusema "Baba", aweza kudhani kwamba yule mwema ameondolewa na mwanamume mkali akawekwa mahali pake. Tumweleze kwamba Mungu si mwanamume wala si mwanamke. Nabii Isaya anaufananisha upendo wa Mungu na wa mama kwa mtoto anyonyaye, tena anasema wa Mungu waupita (Isaya 49:15, taz. 66:13). Jina "Baba" halitaji jinsi, linataja uhusiano. Mungu ni Baba kwa kuwa anaye Mwana tangu milele, naye alimpenda kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu (Yohana 17:24).

La pili ni zito zaidi. Aliyelelewa katika ulimwengu wenye upande wa wema na upande wa hofu aweza kubatizwa akawaacha netlangw, lakini hofu yenyewe ikabaki ikitafuta kiti cha kukalia. Mara nyingi hukalia kiti cha Baba. Ndipo husikika maneno kama haya: Baba alikasirika akataka kutuangamiza, Yesu akasimama katikati akamzuia. Msemaji hakusudii uzushi, maana anataka kumsifu Yesu. Lakini amewafanya miungu wawili, mmoja wa kupenda na mmoja wa kutisha, na amemweka yule wa kutisha juu ya yule wa kupenda.

3. Kanisa la kwanza lilitetea nini

Mwaka 2025 Kanisa ulimwenguni liliadhimisha miaka 1,700 tangu Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325. Ugomvi uliopelekwa Nikea ulianza hapa Afrika, katika mji wa Aleksandria. Ario, kasisi wa mji huo, alifundisha kwamba Mwana ni mkuu kuliko viumbe vyote, ila naye ni kiumbe. Athanasio, aliyekuwa shemasi wakati ule na baadaye askofu wa mji huohuo, alimpinga kwa miaka mingi na mara kadhaa alifukuzwa katika kiti chake. Mtaguso ulikiri kwamba Mwana ana uungu uleule mmoja na Baba. Mwaka 381, huko Konstantinopoli, Kanisa likakiri kwamba Roho Mtakatifu anaabudiwa pamoja na Baba na Mwana.

Je, haya yawahusu nini wakulima wa Dongobesh au wafugaji wa Katesh? Yanawahusu sana. Kila mtu huku anajua tofauti kati ya ndugu anayetuma rambirambi na ndugu anayekuja mwenyewe kuketi msibani. Kama Ario alisema kweli, basi Mungu alituma rambirambi. Alimtuma mjumbe mwema, yeye mwenyewe akabaki nyumbani, na moyo wake hatujaujua. Kama Nikea ilisema kweli, basi aliyekuja kuketi pamoja nasi ni Mungu mwenyewe, na nyuma ya Yesu hakuna Mungu mwingine aliyejificha, mwenye uso tofauti. Filipo alipoomba aonyeshwe Baba, aliambiwa kwamba aliyemwona Yesu amemwona Baba (Yohana 14:9).

Martin Luther aliliona hili wazi. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 anafundisha kwamba tusingeweza kamwe kuujua moyo wa Baba bila Kristo, ambaye ni kioo cha moyo huo. Nje ya Kristo tungeona hakimu mwenye hasira tu. Wala tusingemjua Kristo kama Roho Mtakatifu asingetufunulia. Katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha kwanza kabisa kinaikubali imani ya Nikea. Kwa hiyo hapa hatuna ugomvi na ndugu zetu Wakatoliki ambao jumuiya zao zimepakana na zetu katika vijiji vingi. Imani hii ni yetu sote.

Neno "nafsi" nalo linahitaji maelezo. Tunafundisha Mungu mmoja katika nafsi tatu. Katika mazungumzo ya kila siku nafsi ni mtu mwenyewe, basi nafsi tatu husikika kama watu watatu. Njia nyepesi ni kutofautisha maswali mawili. Tukiuliza, "Ni nini kinachoabudiwa hapa?", jibu ni moja: uungu mmoja, Mungu mmoja. Tukiuliza, "Ni nani?", tunajibu kwa majina matatu: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Hata lugha yetu ya ibada yashuhudia hayo. Bwana aliagiza kubatiza kwa jina, si kwa majina (Mathayo 28:19). Nasi tunapotoa baraka kwa Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, twasema "awabariki", hatusemi "wawabariki".

4. Meeta na msalaba

Katika mila ya Wairaqw kuna desturi iitwayo meeta. Mtu au nyumba iliyopatwa na misiba ya aina fulani ilihesabiwa kuwa na unajisi, ikatengwa na majirani kwa muda. Mwanamke aliyefiwa na mtoto anyonyaye, kwa mfano, aliweza kutengwa hivyo. Nia ilikuwa kuwalinda wengine na kuilinda nchi. Lakini mfiwa alibeba mizigo miwili, msiba na upweke.

Waraka kwa Waebrania unasema kwamba Yesu aliteswa nje ya lango (Waebrania 13:12). Alikufa mahali pa waliotengwa. Kwa lugha ya huku twaweza kusema kwamba Mwana wa Mungu aliingia katika meeta, akaketi na waliomo ndani. Na hapa fundisho la Utatu linakuwa habari njema, si fumbo la kukariri tu. Ikiwa Mwana ni Mungu kweli, basi Mungu mwenyewe aliingia. Tena Baba hakusimama mbali akimtazama, kwa maana Paulo anasema kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake (2 Wakorintho 5:19). Hasira ya Mungu juu ya dhambi ni ya kweli, na hatuthubutu kuifuta. Lakini Baba hakuanza kutupenda kwa sababu Mwana alikufa. Mwana alikuja akafa kwa sababu Baba alitupenda (Yohana 3:16). Upendo wa Baba na upendo wa Mwana ni upendo mmoja, kama uungu wao ulivyo mmoja.

5. Swali la Hanang

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya mvua kubwa sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na miti vilishuka kwa nguvu hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwamo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na wengi wakakosa makazi. Mlima huo wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400 ni wa asili ya volkano. Udongo wa miteremko yake uliposhiba maji ulishindwa kujishikilia.

Maelezo hayo ya udongo na maji ni ya kweli, na yafaa yasemwe katika jumuiya, ili msiba usihesabiwe kuwa kazi ya netlangw wala ya jirani mwovu. Lakini hayamalizi swali la mfiwa. Anauliza, "Mungu alikuwa wapi?" Anayemgawa Mungu atajibu kwamba Baba alipiga, na sasa tumlilie Yesu. Jibu hilo ni baya kuliko kunyamaza. Yesu mwenyewe, alipotajiwa watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4). Na aliyekataa kusema hivyo ndiye sura ya Baba.

Kwa nini Mungu aliruhusu? Hatujaambiwa, wala kiongozi wa jumuiya asijifanye anajua. Tulichoambiwa ni Mungu huyo ni nani. Ni Baba ambaye kwa upendo alimtoa Mwana wake. Ni Mwana ambaye alikufa na kuzikwa kama waliozikwa Hanang. Ni Roho ambaye huugua pamoja nasi tusipojua kuomba jinsi itupasavyo (Warumi 8:26). Mfiwa hana haja ya kumkimbia mmoja ili ajifiche kwa mwingine.

6. Roho Mtakatifu si mmoja wa roho

Neno "roho" kwa Kiswahili ni pana. Latumika kwa uhai wa mtu, kwa wafu, na hata kwa pepo. Wairaqw huwataja gi'i, roho za waliokufa, ambao huweza kuwasumbua walio hai wakisahauliwa. Basi tusishangae Mkristo akidhani kwamba Roho Mtakatifu ni roho mwenye nguvu zaidi ya wengine, anayefaa kutulizwa au kutumiwa. Roho Mtakatifu hatulizwi kwa sadaka wala haamriwi na mtu. Yeye ni Mungu, naye hutufanya tuite "Aba, Baba" bila roho ya utumwa iletayo hofu (Warumi 8:15). Kipimo cha kazi yake katika jumuiya ni hiki: je, watu wanamkaribia Baba kwa ujasiri, na wanawakaribia majirani waliotengwa?

Haydom, ambako hospitali yetu ya Kilutheri ilianza mwaka 1955, ni mahali pa kuonea kazi hiyo. Eneo hilo hukutanisha Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba, Waisanzu na Wahadzabe, watu wa lugha zisizo na asili moja, ambao zamani baadhi yao walipigana kwa ajili ya ng'ombe na ardhi. Wakiketi pamoja chini ya Neno, Roho yuko kazini.

7. Namna ya kuendesha mazungumzo

Kwa viongozi wa jumuiya twapendekeza mambo haya.

Kwanza, anzeni na maombi ambayo watu tayari wanayaomba. Someni Waefeso 2:18, kisha ulizeni: tunaomba kwa nani, kwa njia ya nani, tukisaidiwa na nani? Wataona kwamba wamekuwa wakiishi ndani ya fundisho hili kabla ya kulijua jina lake.

Pili, someni habari ya Ubatizo wa Yesu katika Yordani (Mathayo 3:13–17). Mwana yumo majini, Roho anashuka, Baba anasema. Hapo hakuna kubadili sura, wala hakuna miungu watatu wanaoshindana. Waiteni pia watambue kwamba Mwana anasimama ndani ya mto, mahali pa hofu kwa wazee wetu, na mbingu zinafunguka juu yake.

Tatu, ulizeni swali moja la moyoni: "Ukiomba, ni nani unayemwogopa?" Mpeni kila mmoja nafasi, akina mama na vijana pia, na mwacheni mzee aseme kwa Kiiraqw au Kidatoga akipenda. Mambo ya ndani husemwa vizuri kwa lugha ya mama.

Nne, jirani Mwislamu akisema kwamba Mungu hana mtoto, msianze mabishano. Mwambieni kwamba nasi twakana kabisa kwamba Mungu alioa au kuzaa kwa jinsi ya mwili. Mwana ni Neno wake wa milele (Yohana 1:1). Huenda asikubali, lakini atajua tunachoamini.

Tano, mifano ikitumiwa, isemwe wazi inaishia wapi. Mtoto wa Kipaimara atakumbuka mfano wa yai kwa miaka mingi. Ni vema akumbuke pia kasoro yake.

Hitimisho

Augustino wa Hippo, Mwafrika mwingine, aliandika kitabu chake juu ya Utatu kwa muda wa miaka karibu 20, wala hakudai kwamba amemaliza. Jumuiya zetu hazitamaliza katika jioni moja. Lakini jambo la lazima laweza kushikwa hata na asiyejua kusoma: Mungu hana uso wa pili. Yeye aliyeumba milima na mito, aliyeingia katika meeta yetu, na anayeomba ndani yetu tukiwa tumeishiwa maneno, ni Mungu mmoja, na moyo wake ni mmoja. Wachungaji na wainjilisti wenzetu, tulifundishe hilo bila woga, ili watu wetu wasimkimbie Baba yao.